Anza na Tetea Unayemjua



Umeweka akiba. Labda ni fedha za alizeti, labda ni za kibarua, labda zamu yako ya upatu imefika. Fedha hizo si nyingi, lakini ni jasho lako. Sasa unataka kununua kuku uanze kufuga.

Mara washauri wanajaa. Mmoja anasema, nunua Kuroiler. Mwingine anasema, hapana, nunua Sasso. Kijana aliyerudi kutoka mjini anasema, nunua kuku wa mayai wa kisasa, maana hao hutaga karibu kila siku. Wote wanakubaliana juu ya neno moja tu: achana na kuku wa kienyeji, hao ni wa kizamani.

Mimi sikubaliani nao. Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima, si daktari wa mifugo. Lakini kazi yangu hunipitisha kijiji hadi kijiji, na madarasa yetu mengi yana mradi wa kuku. Nimeona mabanda yaliyojaa, na nimeona mabanda mazuri ya bati ambayo ndani hayana hata unyoya. Maoni yangu ni haya. Kama hujapata kufuga, na utafugia uani kwako, usianze kwa kutafuta jina la aina ya kuku. Anza na matetea 5 wa kienyeji na jogoo 1. Wawe wamezaliwa karibu na kwako, na uwe unazijua habari za mama yao.

Nitakueleza kwa nini nasema hivyo. Ukimaliza kusoma, uamue mwenyewe.

Kuku wa kigeni na gunia la chakula

Kwanza tuwape kuku wa kigeni haki yao. Si kuku wabaya. Kuku wa mayai wa kisasa, akitunzwa vizuri, hutaga mayai 250 hadi 300 kwa mwaka. Tetea wa kienyeji hutaga 40 hadi 60 tu. Kuroiler asili yake ni India. Sasso asili yake ni Ufaransa. Kati ya mwaka 2014 na 2019 palikuwa na mradi wa majaribio katika nchi za Tanzania, Ethiopia na Nigeria. Hapa kwetu kuku hao wawili walipelekwa kwa wafugaji wa vijijini. Walikua haraka, wakawa wazito kuliko kuku wa kienyeji. Hilo ni kweli na halina ubishi.

Lakini mayai 300 hayatoki hewani. Yanatoka katika gunia la chakula. Chukua kalamu na daftari, tupige hesabu pamoja.

Kuku mmoja wa mayai aliyekomaa hula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku 100 hula gramu 12,000. Hizo ni kilo 12 kwa siku. Kwa siku 30 ni kilo 360. Gunia moja la chakula lina kilo 50. Basi utahitaji magunia 7, na kilo 10 juu yake, kwa mwezi mmoja.

Sasa andika bei ya gunia moja la chakula cha kuku katika duka la kwenu. Izidishe kwa 7. Tazama jibu. Je, fedha hizo unazo kila mwezi? Kumbuka pia kwamba kuku hao hawaanzi kutaga mpaka wafikie karibu miezi 5. Wakiwa wadogo hula kidogo, lakini hula. Muda wote huo wewe unatoa tu, huingizi kitu.

Mtu atasema, basi nitawaachia wajitafutie chakula kama wa kienyeji. Ukifanya hivyo hutapata mayai 300. Utapata kuku mwembamba, tena mjinga, asiyejua kumkimbia mwewe. Utakuwa umelipa bei ya kuku wa kisasa ili upate mayai machache.

Lipo jambo la pili, na kwa mtu anayeanza naliona ni kubwa kuliko la chakula. Kuku wa mayai wa kisasa hajui kulalia mayai. Wataalamu waliwachagua wazazi wake kizazi baada ya kizazi, mpaka hamu ya kulalia ikatoweka. Kuroiler na Sasso nao ni nadra kulalia. Wewe ukiyachukua mayai yao na kumwekea tetea mwingine ayalalie, vifaranga watatoka, lakini hawatafanana na wazazi wao. Mmoja atakuwa mkubwa, mwingine mdogo. Wewe mkulima unaijua habari hiyo katika mahindi. Mbegu chotara ukiinunua dukani hukupa mavuno mazuri. Ukichukua mahindi uliyovuna na kuyapanda tena msimu wa pili, mavuno hushuka. Kuku chotara ni vivyo hivyo.

Maana yake ni kwamba kila wakati utarudi kununua vifaranga. Barabara ikiharibika, huna kuku. Muuzaji akipandisha bei, huna la kufanya. Lakini tetea wa kienyeji ana mashine ya kutotolea vifaranga chini ya kifua chake. Haitaki umeme wala mafuta ya taa. Inafanya kazi siku 21, na vifaranga wakitoka, mashine hiyo hiyo huwapa joto, huwafundisha kula, na huwapigania na mwewe.

Habari ya kikundi kimoja

Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, akina mama 20 walikuwa wakisoma darasa la jioni. Waliunda kikundi, wakakopa fedha. Mkopo haukutosha, kwa hiyo kila mmoja aliuza kuku wake wa kienyeji ili kuongezea. Walijenga banda. Wakanunua vifaranga 200 wa siku moja. Aliyewauzia aliwaambia kwamba vifaranga wale walikuwa wamechanjwa magonjwa yote. Hakuwapa karatasi yoyote, nao hawakuidai.

Wiki za kwanza vifaranga 60 walikufa kwa baridi ya usiku. Waliobaki walikua vizuri sana, na watu walikuja kuwatazama. Ilipofika mwezi wa Oktoba mdondo ukaingia kijijini. Kwa siku 10 walikuwa wamebaki kuku 11.

Sitaki nikudanganye. Mdondo haukuwachagua kuku wa kikundi peke yao. Uliwaua pia kuku wa kienyeji wa majirani, maana nao hawakuchanjwa. Mzee mmoja pale jirani alipoteza kuku 9 kati ya 10. Lakini mzee yule hakuwa amekopa ili awapate. Mwezi uliofuata alimwomba dada yake matetea wawili, akaanza upya. Akina mama wa kikundi hawakuweza kuanza upya, kwa kuwa kuku wao wa zamani walikwisha kuuzwa na vifaranga wapya walitaka fedha taslimu. Mkopo haukufa pamoja na kuku. Baadhi yao waliulipa kwa kuuza mahindi ya chakula cha watoto.

Hapo ndipo ninapotofautiana na washauri wale. Wao hukuuliza, kuku huyu atakupa mayai mangapi mambo yakienda vizuri? Swali hilo ni zuri. Lakini mtu mwenye akiba ndogo aulize kwanza, mambo yakiharibika nitabaki na nini?

Mdondo

Kwa kuwa tumeutaja, tuumalize. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ndio adui mkubwa wa kuku wa vijijini. Mara nyingi hupamba moto wakati wa kiangazi. Kuku huzubaa, hushusha mabawa, huhema kwa shida, huharisha kinyesi cha kijani, wengine hupinda shingo. Ukiingia katika kuku wasiochanjwa unaweza kuwamaliza karibu wote. Hauna dawa. Pilipili si dawa yake, wala mwarobaini, wala vidonge vya binadamu. Anayekuuzia dawa ya kutibu mdondo anakula fedha zako.

Kinga ipo. Ni chanjo ya tone la jicho. Iko chanjo iitwayo I-2, ambayo iliandaliwa huko Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, nayo hutengenezwa hapa Tanzania. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa hupaswi kuiweka juani. Tone moja katika jicho moja, basi, kuku ameshachanjwa. Utarudia kila baada ya miezi 3. Wachanje wakiwa wazima, kabla ya ugonjwa kufika. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko ulio nao wewe. Kwa hiyo wakubaliane majirani 10 au 15, wachange, wamwite Bwana Mifugo au mchanjaji wa kijiji, na kuku wote wa kitongoji wachanjwe siku moja.

Hapa ndipo kusoma kwako kunapokufaa. Andika katika kalenda ya ukutani: Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Kuku asiyechanjwa, awe wa Ufaransa au wa Singida, ni mali ya mdondo. Kwa hiyo kama fedha zako zinatosha ama kununua aina ghali, ama kununua aina ya kawaida pamoja na chanjo, usisite hata kidogo. Nunua ya kawaida na chanjo.

Kuku wa kienyeji nao hawalingani

Sasa umekubali kuanza na wa kienyeji. Usikimbilie mnadani ukamate kuku yeyote. Watu husema "kuku wa kienyeji" kana kwamba ni aina moja. Sivyo. Watazame vizuri.

Yupo Kuchi. Huyu ni mrefu, ana miguu mirefu na kifua kipana, na anajulikana sana Mwanza, Shinyanga, na hata Lamu kule Kenya. Jogoo wake huuzwa kwa bei kubwa. Wanaume humpenda mno kwa sababu ya umbo lake. Lakini tetea wa Kuchi hutaga mayai machache, na majogoo ni wagomvi. Ukiwaweka wawili katika ua mmoja watatoana damu. Kwa mtu anayeanza simshauri kununua Kuchi watupu.

Yupo kishingo, asiye na manyoya shingoni. Wengi humcheka na kumwita mgonjwa. Si mgonjwa. Amezaliwa hivyo, na upara ule humsaidia kupoa wakati wa joto. Kama kwenu ni pwani au bondeni kwenye joto kali, usimdharau. Yupo kidimu, ambaye manyoya yake yamejikunja kama yamepigwa na upepo. Naye huvumilia joto, lakini mvua na baridi humsumbua, na huruka kwa shida.

Halafu wapo wale wasio na jina, wa rangi ya udongo, madoadoa, kijivu, mchanganyiko. Wakati wa biashara watu huwapita. Mimi naona hao ndio wa kuanza nao. Tetea wa namna hiyo ana uzito wa kilo moja au moja na nusu. Huyo mwewe akipita juu humwona kwa shida. Tetea mweupe peupe anaonekana kutoka mbali, naye akiwa na vifaranga weupe, mwewe amepata karamu. Rangi si pambo tu kwa kuku anayezunguka nje.

Lakini hata hao hupaswi kuwachagua kwa macho peke yake. Nenda kwa mama au bibi anayejulikana kwa kuku, hapo hapo kijijini au kijiji cha pili. Msalimie, kaa, umwulize habari za tetea mmoja mmoja. Huyu hutaga mayai mangapi kabla ya kulalia? Akilalia, hutulia au huachia mayai yakawa viza? Mara ya mwisho alitoa vifaranga wangapi? Wangapi walikua mpaka kuuzwa? Anawapigania na mwewe? Hula mayai yake?

Utashangaa jinsi akina bibi wanavyojua. Hawakuandika popote, lakini kila tetea ana historia yake kichwani mwao. Bibi atakuambia, "Huyu mchukue, huyu mama yake alikuwa mlezi. Yule mwache, yule anakanyaga watoto." Maneno hayo yana thamani kuliko jina lolote lililoandikwa juu ya boksi la vifaranga. Nunua mabinti wa tetea mlezi. Wawe wameanza kutaga au wako karibu kutaga. Wawe wachangamfu, macho maangavu, pua kavu, manyoya ya nyuma safi. Wapapase chini ya mabawa kuona kama kuna utitiri.

Jogoo mchukue kwa mtu mwingine, si kwa bibi yule yule. Jogoo akiwa ndugu wa matetea wako, vifaranga watakuwa dhaifu. Jogoo mmoja anatosha matetea 10, kwa hiyo kwa 5 hana taabu. Baada ya mwaka mmoja, kabla hajaanza kuwapanda mabinti zake, mbadilishane na mtu wa mbali, au umle sikukuu.

Matetea 5 wanaweza nini?

Watu huniambia, matetea 5 ni mchezo wa watoto. Haya, kalamu tena.

Tuseme kila tetea analalia mara 3 kwa mwaka. Tuseme kila mara anatoa vifaranga 10. Matetea 5, mara 3, mara 10, ni vifaranga 150 kwa mwaka. Tatizo la kuku wetu si kutaga. Tatizo ni kwamba vifaranga hao hawakui. Mwewe, kicheche, nguchiro, paka, mvua, njaa na mdondo hugawana. Kama katika kila 10 wanakua 3, utapata kuku 45. Kama wanakua 7, utapata 105. Hukubadili aina ya kuku. Umebadili malezi tu, na kuku wameongezeka kwa 60.

Na malezi yenyewe ni haya. Wiki 4 za kwanza usiwaache vifaranga wazurure. Wafunike na mama yao chini ya tenga kubwa mahali pakavu penye kivuli, au wafanyie uzio mdogo wenye wavu juu. Wape maji safi katika chombo kifupi wasizame. Wape pumba, mtama uliopondwa, mashudu kidogo ya alizeti, vumbi la dagaa. Mchwa nao ni nyama kwa kifaranga, tena ni wa bure. Jaza chungu kikuukuu mabua na kinyesi cha ng'ombe kilicholowa, ukifudikize jioni juu ya tundu la mchwa, na asubuhi wamejaa. Wanyunyizie vifaranga, utaona wanavyogombania.

Iko njia moja zaidi ambayo naipenda. Walalishe matetea wawili au watatu siku moja. Aliyetangulia kutaka kulalia mwekee mayai mawili ya kumshikilia mpaka wenzake wawe tayari. Kisha uondoe hayo, uwape wote mayai mazima kwa siku moja. Mayai yawe yametagwa ndani ya siku 14, yaliyowekwa mahali pa baridi. Yaandike tarehe kwa mkaa au kalamu ya risasi. Vifaranga wakitoka, wape wote mlezi mmoja aliye bora usiku, akiwa kizani, ili awapokee. Wale wengine warudishe kwa jogoo. Hao watataga tena mapema, badala ya kutembea na vifaranga miezi miwili au mitatu.

Na uwe na daftari. Chora mistari. Mpe kila tetea jina au mfunge kitambaa cha rangi mguuni. Andika: alianza kutaga lini, alilalia mayai mangapi, walitoka wangapi, walifikia miezi mitatu wangapi. Baada ya mwaka fungua daftari lako. Utamwona tetea aliyekupa kuku 25 na utamwona aliyekupa 6. Huyo wa 6 muuze. Wa 25 usimwuze hata mgeni akiweka fedha mezani, na mayai yake ndiyo uyalalishe kwa wenzake. Miaka mitatu ukifanya hivyo, utakuwa na kuku bora wa kwako, waliozoea jua lako, maradhi ya kwenu, na mwewe wa kwenu.

Nani anunue chotara?

Wapo wanaofaa kununua, nami sitawazuia. Kama unakaa karibu na mji au barabara kuu, una mnunuzi wa mayai anayekuja kila wiki, una fedha za chakula cha miezi 6, na umekwisha kufuga kuku wa kienyeji mwaka mzima bila mdondo kukupiga, basi jaribu. Anza na 20, si 200. Dai karatasi inayoonyesha chanjo walizopata na tarehe zake. Isome mwenyewe. Usimpe mtu mwingine akusomee.

Wengine huuliza juu ya kuchanganya: matetea wa kienyeji na jogoo mmoja wa kigeni. Shauri hilo si geni. Miaka mingi iliyopita wataalamu waligawa vijijini majogoo kama Rhode Island Red. Watoto wa kwanza huwa wakubwa na wazuri. Lakini ukiendelea kuchanganya hovyo, mabinti wanapoteza hamu ya kulalia, na wewe hujagundua mpaka siku unapotafuta mlezi humpati. Ukitaka kufanya hivyo, watenge matetea wako walezi, wasichanganyike.

Neno moja kwa akina baba. Katika nyumba nyingi kuku ni wa mama. Yeye ndiye huamka kuwafungulia, yeye hufagia tundu, yeye hujua nani ametaga wapi. Fedha za kuku hununua chumvi, daftari la mtoto, na nauli ya zahanati. Kuku wakiwa 5 hakuna anayewaulizia. Wakiwa 50, mara baba anakuja na wazo la kuwauza wote ili yaletwe "makuku ya kisasa", na hesabu inahamia mfukoni mwake. Jambo hilo nimelisikia darasani mara nyingi, nalo husemwa kwa sauti ya chini. Kama mnataka kubadili aina ya kuku nyumbani kwenu, kaeni wote wawili na daftari mbele yenu. Anayewalisha kuku awe na sauti katika kuwauza.

Sasa uko tayari kununua. Nenda asubuhi, kabla ya jua kali. Wabebe katika tenga lenye hewa, si kuwaning'iniza miguu juu kichwa chini kwenye baiskeli. Ukifika nyumbani usiwachanganye na kuku wengine, wala usiwaachie watoke nje. Watenge siku 14 katika kibanda kilicho mbali na kuku wa jirani, uwape maji na chakula humo, na uwatazame kila asubuhi. Wakiwa wazima siku hizo zote, mwite mchanjaji. Andika tarehe. Subiri wiki mbili chanjo ishike, ndipo uwafungulie mlango.